Kibubu Chenye Majina Matatu

Katikati ya miaka ya 1980, magari ya watu wa Alberta, jimbo la magharibi mwa Kanada, yalibandikwa karatasi yenye sala. Mwenye gari alimwomba Mungu amletee neema nyingine ya mafuta, na akaahidi kwamba safari hii hataichezea. Neno lenyewe lilikuwa chafu kuliko "kuichezea", na labda ndiyo maana lilikaa midomoni. Sala hiyo ilirithiwa na watoto wa wenye magari, na bado husimuliwa kama kisa cha ukoo.

Mimi huisoma kama utungo mfupi wenye sehemu mbili, ombi na ungamo. Ombi linaeleweka na ungamo ni la kweli. Ila kuna jambo ambalo mwombaji hakuligusa: mali aliyoichezea ilikuwa ya nani? Ilikuwa yake, ya baba yake, au ya mjukuu ambaye hajazaliwa? Swali hilo ndilo lililonifanya nilinganishe nchi ambazo juu juu hazifanani, kuanzia Alberta na Alaska hadi Norwei, Omani na Unguja yetu. Bei ya mafuta ikianguka huwaangukia wote waliojenga maisha juu yake. Lakini namna kila mahali palivyoitikia anguko hilo, kwa kiasi kikubwa, ilikwisha kuandikwa zamani katika jina walilokipa kibubu chao.

Nianze na Alberta, kwa kuwa huko jina ni refu na mkasa ni mrefu zaidi. Mwezi Februari 1947 kisima cha Leduc Namba 1, karibu na mji wa Edmonton, kilitoa mafuta, na jimbo la wakulima wa ngano na wafugaji likashika njia nyingine. Bei ilipopaa miaka ya 1970, Waziri Mkuu wa jimbo, Peter Lougheed, aliiona hatari iliyojificha ndani ya wingi. Mwaka 1976 serikali yake ilianzisha mfuko na kuamua kwamba asilimia 30 ya mapato ya mafuta, gesi na rasilimali nyingine zisizozaliwa upya iingizwe humo. Nikilitafsiri jina lake neno kwa neno, unaitwa Mfuko wa Amana wa Akiba ya Urithi wa Alberta.

Msomaji wa pwani asilipite jina hili mbio. Amana ni kitu ulichowekewa. Si chako, na mwenyewe akija unamrudishia kama ulivyokipokea. Akiba ni yako, umeiweka kwa siku ya dhiki, na dhiki ikibisha hodi unavunja kibubu bila kumwomba mtu ruhusa. Urithi nao umeachwa na aliyefariki. Katika mirathi yetu ya Kiislamu hutolewa kwanza gharama za maziko, yakalipwa madeni, ukatimizwa wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wakapewa mafungu yao. Ukiuliza swali moja jepesi, "Je, naweza kuchota?", maneno haya yanakupa majibu matatu. Amana inakukatalia, akiba inakwambia ngoja shida, na urithi unakwambia subiri maziko. Waliotunga jina lile walitaka kuyakusanya mema yote mahali pamoja. Walichopata ni kibubu ambacho kila mwenye haja angeweza kukisomea neno lililomfaa.

Na haja zilikuja upesi. Uchumi ulidorora tangu mwanzo wa miaka ya 1980, na Waalberta wengi waliilaumu serikali ya taifa iliyoko Ottawa, ambayo mwezi Oktoba 1980 ilileta mpango wa nishati uliopunguza fungu la jimbo. Mwaka 1982 ile asilimia 30 ilikatwa ikawa 15, na faida ya mfuko ikaanza kumiminwa kwenye bajeti. Mwezi Septemba 1985 benki mbili zenye makao makuu Alberta zilianguka, jambo ambalo Kanada haikuwa imelishuhudia tangu 1923. Kisha ukaja mwaka 1986. Ndani ya miezi michache pipa lililokuwa likiuzwa zaidi ya dola 25 za Marekani liliporomoka hadi karibu na dola 10. Wenye nyumba za rehani waliona deni limepita thamani ya nyumba yenyewe. Wapo waliomkabidhi mtu nyumba kwa dola moja na kuondoka, kwa sababu sheria ya jimbo haikuiruhusu benki kumfuata mwenye deni nje ya nyumba aliyoiweka rehani. Mwaka 1987 serikali iliacha kuingiza mapato ya mafuta mfukoni. Ndani mlikuwa na takriban dola bilioni 12 za Kanada, na kwa miaka mingi iliyofuata hesabu haikusogea mbali na hapo, huku mfumuko wa bei ukizitafuna.

Kwa hiyo, bei ilipoanguka, Alberta ilichagua kulisoma neno la kati, akiba. Sioni aibu katika hilo, maana dhiki ilikuwa ya kweli. Lakini sala ya kwenye magari ilijibiwa, na hapo ndipo moyo wangu unapouma. Neema ya pili ilikuja, kubwa kuliko ya kwanza. Mwezi Julai 2008 pipa liligusa dola 147. Mchanga wa lami wa Fort McMurray, ambao kuukamua ni kazi ya gharama kubwa, uligeuka kuwa mgodi wa matumaini ya taifa zima. Wavuvi wa Newfoundland, ng'ambo ya pili ya Kanada, walikuwa wakipanda ndege kwenda kufanya kazi wiki kadhaa, kisha wakirudi kwao na mshahara. Serikali ya Waziri Mkuu wa jimbo, Ralph Klein, ilimaliza madeni ya jimbo, na hilo ni jema. Mwaka 2006 ilimpa karibu kila mkazi hundi ya dola 400. Hundi ile ilikuwa fungu la mrithi lililotolewa wakati mgonjwa bado anapumua. Na kwa kuwa pesa za mafuta zilijaza pengo, Alberta ilibaki jimbo pekee la Kanada lisilotoza kodi yake ya mauzo. Watu walizoea barabara na hospitali nzuri ambazo gharama yake hawakuiona kwenye risiti za madukani.

Mwezi Juni 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100. Mwezi Februari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Inafaa tutulie hapa tuone anguko linavyotembea, kwa sababu watu hudhani bei ikishuka nusu, mapato nayo hushuka nusu. Mradi wa mchanga wa lami uliokwisha kurudisha gharama zake hulipa mrabaha wa kati ya asilimia 25 na 40 ya kinachobaki baada ya matumizi, na kiwango hicho hupanda na kushuka pamoja na bei. Bei ikianguka, kinachobaki hupungua kwa kasi kuliko bei yenyewe, maana mshahara wa fundi na moto wa mtambo haupungui kwa sababu soko la New York limelegea. Juu ya kilichopungua, asilimia nayo inapungua. Ndiyo maana mapato ya jimbo kutokana na rasilimali hizo, yaliyokuwa karibu dola bilioni 9 za Kanada mwaka wa fedha 2014/15, yalishuka chini ya bilioni 3 mwaka uliofuata.

Mitaani, mtambo wa kuchimba ndio husimama kwanza. Kisima kinachotoa mafuta leo kitaendelea kutoa, lakini kisima kipya ni uamuzi wa kesho, na kesho imeingia giza. Mtambo ukisimama, lori la kubeba mabomba linakosa safari, mama mwenye mgahawa kando ya barabara anapunguza sufuria, na nyumba za kupanga zinabandikwa matangazo. Mwishoni mwa 2016 ukosefu wa ajira Alberta ulikuwa umefika karibu asilimia 9, takriban mara mbili ya ulivyokuwa kabla ya anguko. Serikali inatakiwa kusaidia watu wengi zaidi katika mwaka uleule ambao mkono wake ni mtupu.

Kuna tukio la mwezi Machi 2015 ambalo nalitazama kama ugomvi wa mirathi. Waziri Mkuu Jim Prentice alisema redioni kwamba Waalberta wakitaka kumjua aliyewafikisha pale, wajitazame kwenye kioo. Miezi miwili baadaye wapigakura walikiondoa chama chake kilichokuwa kimetawala tangu 1971, wakamchagua Rachel Notley. Prentice hakusema uongo. Lakini warithi walioambiwa miaka 40 kwamba fungu ni lao hawakubali kuambiwa msibani kwamba wao ndio waliomla marehemu.

Alaska, jimbo la Marekani, ilianzisha mfuko wake mwaka uleule, 1976, na ilikuwa imekwisha kuumwa. Mwaka 1969, baada ya mafuta kugunduliwa Prudhoe Bay, jimbo liliuza haki za uchimbaji kwa dola milioni 900, na miaka michache baadaye fedha zote zilikuwa zimetumika. Kidonda hicho kiliwafanya wapigakura waandike ndani ya katiba yao kwamba walau asilimia 25 ya mirabaha ya madini iwekwe katika mfuko uitwao wa Kudumu, na mtaji wake utumike kuwekeza tu. Faida ndiyo ingeweza kutumika.

Hilo sisi tunalijua kwa jina lake la asili: ni wakfu. Mtu wa Unguja au wa Nizwa, Omani, haelezwi mara mbili kwamba shamba la wakfu haliuzwi wala halirithiwi, na kwamba kinacholiwa ni matunda yake. Unguja ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na jina la ofisi hiyo limeyatenganisha maneno ambayo Alberta iliyachanganya. Najua Alaska haikuchota katika kisima chetu, na msingi wa sheria zake ni mwingine. Lakini watu wanaoogopa ulafi wao wenyewe, popote walipo, hufika kwenye wazo lilelile la kulifunga shina na kuyaachia matunda.

Gavana Jay Hammond aliongeza jambo moja ambalo naliona kuwa la busara kubwa. Kuanzia 1982 kila mkazi alipata gawio lake la mwaka, na la kwanza lilikuwa dola 1,000. Wakfu ukapata walinzi mamia kwa maelfu, kila mmoja akiwa na sababu ya kuuliza kibubu kina nini. Mali bila daftari hupotea bila habari, wanasema wahenga wetu, na Hammond aliligawa daftari nyumba kwa nyumba. Mwaka 1999 wananchi walipoulizwa kama faida ya mfuko iende kwenye bajeti, zaidi ya asilimia 80 walikataa.

Basi bei ilipoanguka 2014, shina la wakfu halikuguswa. Ila kila kinga ina upande wake wa pili. Alaska ilikuwa imefuta kodi ya mapato mwaka 1980, kwa hiyo mafuta yaliposhuka haikuwa na mkono mwingine wa kunyoosha. Mwaka 2016 Gavana Bill Walker alilikata gawio karibu nusu likawa dola 1,022, na jina lake halikusalimika tena kisiasa. Aliyemfuata, Mike Dunleavy, aliingia kwa ahadi ya gawio nono, na mwaka 2019 akafuta dola milioni 130 za Chuo Kikuu cha Alaska kwa kalamu moja, ingawa baadaye alilegeza. Hapo wakfu ulikuwa umesahau kwamba mnufaika ni pamoja na mtoto anayesoma. Kila mtu alilinda fungu lake, na kisima cha wote hakikuwa na mlinzi.

Norwei nitaipitia haraka, maana kila kongamano la mafuta huisifu hadi sifa zikachosha. Nina sababu moja tu ya kuitaja kwa upendo. Miongoni mwa waliosaidia kuweka misingi ya sera yake ya mafuta alikuwa Farouk al-Kasim, mjiolojia kutoka Basra, aliyefika Oslo mwaka 1968 akitafuta matibabu ya mtoto wake. Alikuwa ameijua sekta ya mafuta ya Iraki kwa ndani, akajua yanavyoweza kuwajenga watu na kuwavunja. Utaratibu ambao dunia huuita wa Kiskandinavia una mkono wa Mwarabu wa kusini mwa Iraki ndani yake. Baadaye kibubu cha Norwei kiliitwa cha pensheni, neno lenye sura ya mzee anayesubiri malipo yake, na kila kijana hujiona katika mzee huyo. Kwa miaka mingi serikali ilijiwekea mpaka wa kutumia takriban asilimia 4 ya mfuko kwa mwaka, na mwaka 2017 ukashushwa hadi 3. Hata hivyo Stavanger, mji wa mafuta, uliumia 2015 na 2016 kama Calgary, mji wa Alberta, ilivyoumia, na maelfu walipoteza kazi. Mfuko uliiokoa serikali. Fundi wa kuchomelea alibaki na barua ya kuachishwa kazi, ingawa shule ya mtoto wake haikufungwa. Na wanaoilaumu Alberta kwa kutokuwa Norwei wakumbuke kwamba jimbo halina sarafu yake, na halijitawali kama taifa.

Sasa Omani, ambayo Mswahili hawezi kuisoma kama mgeni. Mafuta yalianza kusafirishwa 1967, na Sultani Qaboos aliposhika nchi Julai 1970 aliwaita Waomani waliotawanyika warejee. Wengi walirejea kutoka Unguja na Pemba, wakiongea Kiswahili, wakaingia katika ofisi na kampuni za nchi iliyokuwa ikijengwa upya. Mwaka 1980 Omani iliunda mfuko wake, na jina lake la Kiarabu lilibeba neno ihtiyati, yaani tahadhari. Huu haukuwa urithi wala wakfu. Ulikuwa chombo cha mtawala mwangalifu anayejua upepo hugeuka.

Upepo ulipogeuka 1986, Omani haikungoja. Mwezi Januari mwaka huo ilishusha thamani ya riali kwa takriban asilimia 10 dhidi ya dola, na tangu hapo kiwango hicho hakijabadilishwa. Bidhaa za nje zilipanda bei, na mzigo ukagawanywa kimyakimya, bila kura wala kioo cha Prentice. Katika miaka ya 1990 ilitangazwa dira ya 2020 iliyotaka mchango wa mafuta katika uchumi upunguzwe sana. Mwaka 2020 ulipofika, mafuta bado yalikuwa tegemeo, Qaboos alifariki mwezi Januari, na miezi michache baadaye pipa la Marekani liliuzwa siku moja kwa bei iliyo chini ya sifuri. Sultani Haitham aliuunganisha mfuko wa tahadhari na mamlaka mpya ya uwekezaji. Mwezi Aprili 2021 kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 ilianza kutozwa. Mwezi uliofuata vijana waliingia barabarani Sohar na kwingineko wakidai kazi. Mtu aliyekuwa akipokea bila kulipa alikuwa ameanza kulipa, na anayelipa huanza kuuliza.

Pemba husikia mabadiliko hayo. Ndugu wa Maskati akipunguziwa mshahara au kijana wa ukoo akikosa kazi, simu ya kutuma pesa ya mahari au ya paa jipya huchelewa. Lakini sisi tuna kumbukumbu ya anguko la kwetu, ambalo halikuwa la mafuta. Lilikuwa la karafuu.

Miaka ya 1970 karafuu ilikuwa na bei, na mnunuzi mkuu alikuwa Indonesia, ambako huchanganywa na tumbaku kwenye sigara za kreteki. Fedha za kigeni za mauzo hayo ziliingia Serikali ya Mapinduzi, na mnunuzi pekee wa halali kwa mkulima alikuwa shirika la serikali. Zilionekana kwa macho. Majumba marefu ya Michenzani yalipanda juu ya mitaa ya Ng'ambo mjini Unguja, na televisheni ya rangi ilifika Unguja kabla ya nchi nyingi za Afrika. Kisha Indonesia ikapanda mikarafuu yake, ikajitosheleza miaka ya 1980, na bei ya dunia ikaanguka. Hatukuwa na mfuko wenye jina lolote, na kibubu chetu kilikuwa zege.

Hapo ndipo Zanzibar inapotufundisha jambo ambalo Alberta haiwezi kutuonyesha. Mchuma karafuu wa Wete, Pemba, anayejua kuhesabu kwa pishi na kutenga makonyo, hakuwahi kupata bei ya dunia ilipokuwa juu, maana shirika lilisimama katikati. Kwa hiyo anguko halikumjia kama kishindo. Lilimjia kwa mikarafuu iliyozeeka bila kupandwa mingine, na kwa majahazi ya magendo yaliyovuka usiku kwenda Kenya kufuata bei nzuri. Waalberta walipiga kelele kwa sababu walionja. Mkulima wetu aliuacha mti ukauke, na kukauka kwa mti hakuandikwi magazetini. Ilichukua hadi miaka ya 2010 serikali kumwahidi takriban asilimia 80 ya bei ya soko la dunia.

Leo majina mapya yanaandikwa kwetu. Mwaka 2015 Tanzania ilipitisha sheria iliyounda Mfuko wa Mafuta na Gesi, na mwaka huohuo sheria ya fedha za umma ya Uganda iliweka Mfuko wa Petroli. Majina haya yanataja pesa zinakotoka na yananyamaza juu ya mwenyewe. Sitayalaumu kwa hilo pekee, kwa sababu Norwei nayo ilianza hivyohivyo: mfuko wake ulipotungiwa sheria mwaka 1990 uliitwa wa mafuta tu, krone ya kwanza ikaingia 1996, na jina la pensheni likaja 2006. Ila krone zile zilikaa ndani zikingoja jina. Nchini Uganda, fedha zilizoingia kwa kodi za kampuni zilizouziana hisa zilianza kuchotwa kwenda kwenye bajeti kabla pipa la kwanza la mafuta ya Hoima halijaiona bahari.